Kula kwa Waitaliano mjini Lubumbashi: namna ya kuagiza, kula na kulipa bila wasiwasi

Siku ya ubatizo wa mtoto wetu, mama mkubwa alikuja kutoka Likasi, nasi tukaamua kumpeleka jioni kwenye mgahawa wa Kiitaliano ulio mtaani kwetu. Tulikuwa watu sita. Menyu ilipofika, hakuna aliyetaka kuuliza kitu mbele ya meza za jirani, basi nikaagiza kwa niaba ya wote kwa kunyoosha kidole kwenye majina nisiyoyajua. Zikaja sahani tatu za tambi zenye sosi ileile, na piza mbili zilizofunikwa nyama ya nguruwe mbele ya shemeji yangu ambaye ni Mwislamu. Mama mkubwa alikula mkate na kunywa soda. Niliona haya njia nzima mpaka nyumbani.

Tangu siku hiyo nimerudi mara nyingi, nimeuliza wahudumu na wapishi maswali yote niliyoogopa kuuliza, na nyumbani nimejaribu baadhi ya vyakula hivyo kwa mikono yangu. Ninaandika haya ili wewe umpeleke mama yako, mchumba wako au wanao, nao washibe na kufurahi. Jambo ambalo ningependa kuliweka mbele ya yote ni hili: sehemu kubwa ya chakula hiki ilianzia kwa watu wa kawaida, wakulima na wachuuzi wa mitaani, na uzuri wake unatoka katika vitu vichache vilivyo vizuri. Mtu anayekula bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mhogo kila siku hana sababu ya kukiogopa.

Piga simu kwanza

Ijumaa na Jumamosi jioni meza hujaa mapema, na Jumapili baada ya misa familia huingia kwa pamoja na watoto na wazee wao. Usiende kubahatisha. Piga simu mchana, wakati jikoni bado kumetulia, useme mko wangapi na kama kuna mzee asiyeweza kupanda ngazi.

Kisha uliza mambo matatu. Kwanza, oveni inawashwa saa ngapi? Oveni ya kuni, ile ya matofali yenye mgongo wa mviringo, haipati moto kwa dakika kumi. Inataka saa kadhaa mpaka matofali yenyewe yashike joto, ndiyo maana sehemu nyingi hutoa piza jioni tu na mchana hutoa tambi. Ukienda saa saba mchana na watoto uliowaahidi piza, utajuta.

Pili, umeme ukikatika jikoni huendelea? Wakaaji wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa habari za SNEL, shirika letu la umeme. Kuni zitawaka tu, lakini friji yenye jibini, taa za mezani na mashine ya kahawa vinategemea jenereta. Tatu, meza iko ndani au barazani? Mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba baridi ya usiku huingia mpaka kwenye mifupa. Beba sweta, na kitenge cha kumfunika mtoto. Kuanzia Novemba mpaka Machi tatizo ni mvua, basi omba meza iliyo chini ya paa la kweli.

Pesa: ulizeni kabla ya kukaa

Bei mara nyingi huandikwa kwa dola, lakini unaweza kulipa kwa faranga. Uliza mapema dola moja inahesabiwa faranga ngapi pale, kwa sababu kila nyumba ina hesabu yake na tofauti huonekana mwisho wa usiku. Uliza pia kama TVA, kodi ya ongezeko la thamani ambayo ni asilimia 16, imo tayari katika bei ya menyu. Kama imeandikwa HT, maana yake bado itaongezwa: chakula cha dola 50 kitakuwa dola 58. Kama imeandikwa TTC, unacholipa ndicho unachokiona.

Noti za dola ziwe safi. Noti iliyochanika pembeni, hata kidogo, itarudishwa mezani, na hakuna kinachovunja jioni kama kuanza kutafuta noti nyingine mbele ya wageni wako. Ukitaka kulipa kwa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money, uliza kama wanapokea na nani anabeba gharama ya kutoa.

Kusoma menyu

Waitaliano hupanga mlo wao kwa zamu, na menyu hufuata mpango huo. *Antipasti* ni vya kufungulia tumbo: mkate uliochomwa na kuwekwa nyanya juu yake, ambao huitwa bruschetta, mboga zilizokaangwa, nyama baridi iliyokatwa nyembamba. *Primi* ni zamu ya kwanza, ya tambi, wali wa risotto, gnocchi na supu. *Secondi* ni zamu ya pili, ya nyama au samaki, na hapa ndipo wengi wetu hushangaa, kwa sababu nyama hiyo huja peke yake. Mboga na viazi vya kuisindikiza viko chini ya neno *contorni*, na vinalipiwa mbali. *Dolci* ni vitamu vya mwisho. Piza huwa na ukurasa wake.

Hakuna anayekulazimisha kupitia zamu zote. Waitaliano wenyewe, wakienda kula piza, hula piza na kwisha. Kwa watu wanne ninaagiza antipasto moja ya kushirikiana katikati ya meza, kisha kila mmoja achague tambi au piza yake, na kitamu kimoja au viwili vyenye vijiko vinne. Hicho ni chakula cha kutosha kabisa. Siku ya ubatizo niliagiza kana kwamba sahani ni ndogo, na nusu ya chakula ilirudi jikoni.

Maneno machache yatakusaidia kuliko menyu nzima. *Al forno* ni kilichopikwa ndani ya oveni. *Alla griglia* ni kilichochomwa juu ya makaa, kama michopo yetu. *Fritto* ni kilichokaangwa. *Al pomodoro* ni cha nyanya. *All'arrabbiata* maana yake ni "mwenye hasira", na hasira yenyewe ni pilipili: ukiwa mtu wa pilipili, anzia hapo. *Ai funghi* ni cha uyoga, yaani bowa. Na jihadhari na neno *peperoni*: kwa Kiitaliano ni pilipili hoho, ile kubwa tamu, wakati Wamarekani huliita kwa jina karibu sawa soseji yenye viungo. Piza moja yenye jina hilo inaweza kukuletea mboga au nyama kutegemea nani aliandika menyu, basi uliza.

Agiza kilicho karibu

Hili nilijifunza kwa kusikia mara nyingi mno neno "imeisha". Jibini nyingi za Kiitaliano, nyama zao zilizokaushwa na mafuta ya zeituni huja hapa kwa malori kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa. Foleni ya malori ikiwa ndefu, au mzigo ukichelewa, jikoni hukosa. Mhudumu hana kosa, usimkasirikie.

Kwa hiyo ninatafuta kwenye menyu vile visivyosubiri lori. Nyanya zipo, vitunguu vipo, mayai yapo. Biringanya, ambazo menyu itaziita *melanzane*, zinalimwa hapahapa. Zikipangwa tabaka kwa tabaka na nyanya na jibini kisha kuokwa, huitwa parmigiana, na ni chakula ambacho mama mkubwa sasa huagiza bila kuangalia menyu. Majani ya basili huota vizuri hata kwenye ndoo ya barazani.

Halafu kuna bowa. Mvua zikianza, barabara zinazoingia mjini huwa na akina mama wenye mabeseni ya uyoga kutoka msituni. Ule wa njano wenye umbo la faneli ni ndugu wa uyoga ambao Waitaliano wa kaskazini huuita finferli na huupikia tambi na risotto kwa heshima kubwa. Ukienda mgahawani kati ya Desemba na Februari, uliza: "Papa, uko na bowa ya pori leo?" Mpishi anayejua kazi yake atakuwa amenunua asubuhi. Uyoga huo ukipita kwenye siagi na kitunguu saumu, ukachanganywa na tambi pana za tagliatelle, sijui chakula kingine katika mji huu kinachounganisha nchi hizi mbili vizuri hivyo.

Vya baharini ninaviacha. Kome na kamba waliosafiri mpaka Lubumbashi ni wa barafu, na tambi za kome ni tamu pale bahari ilipo jirani. Kama unataka samaki, uliza kama wana samaki wa maji yetu wa kuchoma, ulipe *alla griglia* yako kwa raha.

Piza ya kwanza iwe Margherita

Watu huiona kama piza ya maskini kwenye menyu, ya bei ndogo, isiyo na nyama, na huipita. Mimi naona ndiyo mtihani wa jikoni lote. Ina nyanya, mozzarella, basili na mafuta ya zeituni, kwa hiyo hakuna mahali pa kuficha unga mbaya wala nyanya chachu. Jina lake hutajwa pamoja na Malkia Margherita wa Italia na mpika piza wa Napoli, Raffaele Esposito, mwaka 1889. Hadithi hiyo ina wanahistoria wanaoitilia shaka, lakini kwamba piza ilikuwa chakula cha mitaani cha watu wa Napoli muda mrefu kabla ya malkia huyo, hilo halina ubishi. Mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono.

Piza ya Napoli hukaa ndani ya oveni dakika moja hadi moja na nusu tu, kwenye joto la karibu nyuzi 485. Ndiyo maana ukingo wake huvimba na kuwa na madoa meusi. Madoa hayo si kuungua. Yaguse, utaona ndani ni laini kama mkate mpya. Katikati huwa teketeke, hata na unyevu kidogo, na wengi hurudisha sahani wakidhani haijaiva. Kama unapenda piza nyembamba inayokatika kwa mlio, hiyo ni ya mtindo wa Roma, na unaweza kumwambia mhudumu: "Tunaomba ikauke kidogo." Mpishi mwema hatakasirika.

Nchini Italia kila mtu hupewa piza yake nzima. Sisi tunapenda kukaa kuzunguka kitu kimoja, na sioni sababu ya kuacha. Ila msiagize piza nne zije kwa pamoja, kwa sababu ya nne mtaila imepoa na jibini limekuwa mpira. Mwambie mhudumu zije moja moja. Ya kwanza ikiwa imebaki vipande viwili, ya pili itoke kwenye oveni. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza, watoto walikuwa wakisubiri kila moja kwa shangwe, na hakuna kipande kilichobaki.

Tambi

Neno la kujua ni *al dente*, yaani tambi inayokataa kidogo unapoiuma. Tumezoea tambi laini, zilizochemshwa mpaka zinaachia, na ukiletewa hizi utadhani mpishi ana haraka. Zimepikwa hivyo kwa makusudi, ili zibebe sosi bila kuwa uji. Zijaribu hivyo mara moja. Kama una mzee mwenye meno mabovu au mtoto mdogo, omba waongeze dakika mbili, ni haki yako.

Kuna njia rahisi ya kujua kama jikoni wanapika kweli. Spageti kavu hutaka dakika nane mpaka kumi na mbili kwenye maji yanayochemka. Ukiagiza na sahani ikafika baada ya dakika tatu, tambi zilichemshwa mapema na kupashwa. Risotto vilevile: mchele wa Arborio au Carnaroli, kutoka mashamba ya bonde la mto Po, hupikwa kwa dakika kumi na nane hivi, mtu akiwa amesimama anakoroga na kuongeza supu kidogo kidogo. Ukiambiwa "itachukua muda", shukuru.

Carbonara ya Roma ina mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe iitwayo guanciale. Haina krimu, ulaini wake unatokana na yai linaloiva kwa joto la tambi zenyewe. Sehemu nyingi hutia krimu, na wengine wanaipenda hivyo, lakini uliza kabla ili upate ulichokitaka. Sosi ya nyama ya Bologna, ragù, kwao huenda na tagliatelle au ndani ya lasagne. Spageti ni desturi ya nje. Kuhusu jibini la kunyunyiza, hawaliweki juu ya tambi za samaki, kwa kuwa linameza ladha ya samaki.

Polenta, au mama mkubwa alipokutana na bukari

Mara ya pili tulipompeleka mama mkubwa, ilikuwa Julai, baridi, na kwenye ubao wa siku mpishi alikuwa ameandika polenta na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwenye nyanya. Nikamwagizia bila kumwambia ni nini. Sahani ikaja: kilima cha njano, moshi unapanda, mchuzi mwekundu unatiririka pembeni. Akachota kwa uma, akanyamaza, kisha akaweka uma chini, akanawa kwa maji ya chupa, akafinyanga tonge.

"Ni bukari," akasema. "Bukari ya njano. Inakosa sombe tu."

Alikuwa sahihi kabisa. Mahindi yalitoka Amerika, yakafika Italia ya kaskazini katika karne ya 16, na yakawa chakula cha wakulima kama yalivyokuja kuwa chakula chetu Katanga. Unga humiminwa kidogo kidogo kwenye maji ya chumvi yanayochemka, kisha hukorogwa kwa mwiko wa mti karibu dakika arobaini na tano. Sisi husonga kwa nguvu na kwa muda mfupi zaidi, bukari yetu ikashika. Ya kwao hubaki laini, na wanapotaka iwe ngumu huimwaga juu ya ubao wa mti, ikapoa, wakaikata kwa uzi. Kilichobaki hukatwa vipande na kuchomwa kesho yake. Na chungu chao cha asili cha kuipikia, paiolo, ni cha shaba. Nilipolisikia hilo kutoka kwa mpishi, nilimwomba anionyeshe. Kilikuwa kimening'inia ukutani, chekundu, kizito, na mimi mtoto wa mji uliojengwa juu ya shaba nilikigusa nikijiuliza madini yake yalichimbwa wapi.

Kuna na upande wa huzuni. Katika karne ya 18 na ya 19, vijijini kaskazini mwa Italia, familia maskini zilikula polenta na karibu hakuna kingine, na watu wengi waliugua pellagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kuharisha na kuharibu akili. Vitamini ya niasini imefungwa ndani ya mahindi, na wenyeji wa Meksiko walijua kuifungua kwa kuchemsha nafaka na chokaa au majivu. Wazungu walichukua mbegu wakaacha maarifa. Bibi zetu hawakuruhusu mtu kula bukari tupu. Basi usiagize polenta peke yake kama kitu cha kujaribu. Iagize na nyama, na maharagwe, au na bowa, uile kama unavyokula nyumbani. Ukiikuta kwenye ubao, chukua hata kama ulikuja kwa ajili ya piza.

Nguruwe, divai na watoto

Kama mezani kuna Mwislamu, Msabato, au mtu yeyote asiyekula nguruwe, jifunze majina haya: prosciutto, speck, pancetta, guanciale, salame, mortadella, 'nduja. Yote ni ya nguruwe. Bresaola kwa kawaida ni ya ng'ombe. Ragù mara nyingi huchanganya nyama mbili, na haionekani kwa macho. Mwulize mhudumu waziwazi na kwa heshima:

"Yaya, hii sosi iko na nyama ya ngulube?"

"Niende niulize mupishi, Mama."

Anayekwenda kuuliza ni bora kuliko anayejibu papo hapo. Kwa anayefuata halali hasa, swali la nyama ilichinjwa na nani bado lipo, na piza za mboga au tambi za nyanya ndizo njia salama; aombe pia sufuria na kisu safi.

Pombe nayo hujificha. Tiramisu, kile kitamu cha biskuti zilizoloweshwa kahawa na krimu ya mascarpone, mara nyingi hutiwa marsala au ramu. Risotto huanza na divai nyeupe. Kwa watu wa makanisa yasiyogusa pombe, na kwa watoto, uliza. Tiramisu ina kahawa pia, na mtoto aliyekula saa mbili usiku hatalala. Mpe panna cotta au matunda. Watoto wengi hupenda gnocchi, tonge ndogo za viazi na unga, kwa kuwa ni laini na hazihitaji ufundi wa uma.

Mikono, uma na mkate

Spageti haikatwi kwa kisu. Chukua nyuzi chache, tatu au nne, zungushia uma pembeni mwa sahani, upeleke mdomoni. Ukichukua nyingi utapata mpira usioingia kinywani. Mtoto akatiwe, hakuna ubaya. Piza unaweza kula kwa kisu na uma au kwa mkono. Kule Napoli ya mitaani huikunja mara mbili, ikawa robo, na kuila wakitembea.

Pilipili yetu iombe, lakini onja kwanza. Kusini mwa Italia, Calabria hasa, wanakula pilipili kali kwa furaha, kwa hiyo humtukani mtu. Na sosi ikibaki kwenye sahani, chukua kipande cha mkate uifute yote. Wana jina la tendo hilo, *scarpetta*, maana yake kiatu kidogo, na mpishi akiliona hufurahi. Sisi tumekuwa tukifanya hivyo kwa tonge la mwisho la bukari tangu utoto.

Kahawa huja baada ya kitamu, fupi na kali, kikombe kidogo. Kapuchino kwao ni ya asubuhi, kwa sababu wanaona maziwa yanalemea baada ya mlo. Mama mkubwa huinywa usiku na sukari nne, na mhudumu humletea kwa tabasamu.

Kulipa, na kubeba kilichobaki

Omba fakture, yaani bili, uisome polepole. Angalia idadi ya maji na vinywaji, kwa kuwa hapo ndipo makosa huingia, na angalia hesabu ya faranga kama uliyoambiwa mwanzoni ndiyo iliyotumika. Ukiona kosa, sema kwa sauti ya chini: "Papa, tuangalie tena hapa pamoja." Mara nyingi hurekebishwa palepale. Chenji ya dola hurudi kwa faranga. Mhudumu aliyekwenda jikoni mara tatu kukuulizia nguruwe, mwachie kitu mkononi, kwa kuwa kilichoandikwa kwenye fakture huenda kisimfikie.

Piza iliyobaki usiione haya. Omba wakufungie. Asubuhi usiipashe kwenye mikrowevu, itakuwa ngozi. Washa mbabula, jiko letu la makaa, acha makaa yashike majivu meupe, weka kikaango kikavu bila mafuta, panga vipande, vinyunyizie matone mawili ya maji pembeni ufunike. Baada ya dakika tatu chini imekauka na juu jibini limeyeyuka tena. Kwetu watoto huamka kwa harufu hiyo, na anayefika wa mwisho jikoni hupata ukingo.